Muvi za Treni: Tazama Treni Kwanza, Nyota Baadaye

Kijana mmoja wa Temeke ameniandikia wiki hii. "Dada, tangu nipande mchongoko, ile treni ya umeme, kwenda Dodoma nimeshikwa na ugonjwa wa treni. Nimepata wenzangu, tunataka kila Jumamosi tukae tuangalie muvi za treni tu. Tuanze na ipi?" Nimeusoma ujumbe huo mara mbili tatu kwa furaha. Namjibu hapa mbele za watu, maana najua hayuko peke yake. Wewe uliyefika hadi hapa nawe unaitaka jioni kama hiyo mtaani kwako.

Mdogo wangu, tazama treni kwanza, nyota baadaye. Usiulize nani kacheza. Uliza kama treni ina uzito. Inapoanza kuondoka, unaziona tani zikivutwa, au unaona boksi linateleza? Breki zikishikwa, inakula umbali wa kweli kabla ya kusimama, au inasimama papo hapo kama bodaboda? Muvi ikifaulu hapo, wekeni hata kama ni ya kimya na ya zamani. Ikifeli, iacheni hata kama ina Brad Pitt. Bullet Train ya 2022 vijana wanaipenda, lakini treni mle ni ukumbi wa kupigania tu.

Haya sikuyasoma popote. Mimi ni mtoto wa kota za reli, Gerezani. Mzee wangu alikuwa gadi, yaani msimamizi wa treni safarini, Reli ya Kati, na akirudi safari ya Tabora au Kigoma nguo zake zinanuka dizeli, mkononi ana kuku wa Saranda amefungwa kwenye gazeti. Tulikuwa tunamzunguka anakunywa chai huku akitusimulia: leo upepo wa breki ulikuwa mdogo, leo tumekaa muda mrefu tukisubiri kupishana. Mama yeye alikuwa mtu wa sinema za Kihindi. Kwa hiyo mimi nililelewa na vyote viwili, na nilipomaliza chuo nilijua kabisa nataka kufanya nini.

Niliandika pendekezo la kipindi cha televisheni. Kila wiki muvi moja ya treni, na mzee mmoja wa reli pembeni anatueleza kinachofanyika. Nikalipeleka kwenye kituo kimoja hapa mjini. Mtayarishaji akafunua kurasa mbili, akalifunga, akaniambia, "Dada, Mbongo treni anaijulia wapi? Lete mapenzi au ngumi." Nilitoka pale miguu haina nguvu. Mbongo treni anaijulia wapi! Reli ya Kati ilianza kutandikwa kutoka hapa Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa na maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina, ikakabidhiwa 1976. Bibi na babu zetu wamezaliwa, wameolewa na wamesafirishwa kuzikwa kwa treni. Maneno yale bado yananiuma, na sioni aibu kusema.

Basi nikafanya mwenyewe, uani kwa shangazi yangu Gongo la Mboto, si mbali na reli. Projekta ya kuazima, shuka jeupe, sabufa ya jirani. Muvi ilikuwa Unstoppable ya mwaka 2010, ya Denzel Washington.

Ile muvi ina dakika za mwanzo ambazo wengi huzipitisha haraka wakisubiri mwendo kasi. Dereva yuko yadi, anasogeza treni ndefu. Anaona njia mbele yake haijageuzwa, anashuka akimbie kuigeuza huku kichwa cha treni kikiendelea kutambaa. Mipira ya kupitisha upepo wa breki haijaunganishwa. Hapo mzee wangu aliinuka kwenye kiti cha plastiki, kivuli chake kikafunika nusu ya shuka, akapiga kelele: "Upepo! Hajafunga upepo huyu! Rudi juu wewe!" Watoto wakacheka. Wazee wenzake, mmoja fundi wa mabehewa na mwingine aliyekuwa mgeuza njia, hawakucheka hata kidogo.

Nikasimamisha muvi, nikampa nafasi aeleze. Akasema breki ya treni ni kinyume na watu wanavyodhani. Upepo ukijaa kwenye bomba linalopita chini ya mabehewa yote, breki zinaachia. Upepo ukipungua, zinabana. Ndiyo maana behewa likikatika njiani linajifunga lenyewe. Lakini yadini mabehewa hutolewa upepo wote, hata ule wa kwenye matangi yake, ili yaweze kusukumwa huku na huku. Yakiwa hivyo hayana nguvu ya kubana. Usipounganisha mipira na kujaza upepo, dereva anabaki na breki ya kichwa peke yake, na kichwa kimoja hakishiki mzigo ule wote.

Kisa chenyewe kilitokea kweli. Tarehe 15 Mei 2001, huko Ohio, Marekani, treni ya mabehewa 47 ilitoka yadini bila mtu ndani ikaenda kilomita 106 hivi, kwa muda wa kama saa mbili. Dereva aliamini ameweka breki ya umeme, ile inayozigeuza mota za kichwa kuwa jenereta ili zipunguze mwendo, kumbe mtambo ulikuwa umekaa kwenye kuvuta. Mwishowe kichwa kingine kiliifukuza kwa nyuma, kikajiunga nayo, kikaizuia hadi mtu akaweza kukimbia pembeni na kudandia. Hakufa mtu. Muvi imeongeza vifo na mlipuko, na imekihamishia kisa Pennsylvania, lakini upepo na uzito havikuguswa, na hilo ndilo ninalolitaka mimi.

Yule fundi wa mabehewa ndiye aliyeitaja Igandu. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda ilirudi nyuma bila breki hadi ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Watu wa reli hawaisemi Igandu kwa sauti kubwa, na yeye hakusema mengi. Lakini watoto wale wale waliokuwa wakicheka wakanyamaza, kisha wakaanza kuuliza: sasa gadi yeye ana breki yake? Mlimani unazuiaje gurudumu? Mgeuza njia akaokota kipande cha tofali, akawaonyesha kwenye kigari cha maji cha shangazi namna ya kuweka kigingi. Tulimaliza muvi usiku sana na hakuna aliyeondoka. Jumamosi iliyofuata walikuja wengi zaidi, na wengine wakaja na baba zao.

Kwa hiyo ushauri wangu wa pili: mtafute mtu wa reli, mwamkie vizuri, mpe kiti cha mbele. Akitaka muvi isimame, isimame. Treni kwanza, nyota baadaye, na anayeijua treni ni yeye.

Hapa kuna jambo litakalowaudhi baadhi yenu. Kwa muvi za treni msitumie zilizotafsiriwa. Nawaheshimu watafsiri wetu, wamewafikishia wazazi wetu dunia nzima kwenye mabanda ya video, lakini sauti ya mtafsiri inafunika sauti ya treni. Hamtasikia mabehewa yanavyovutana moja baada ya jingine treni ikianza kuondoka, wala chuma kikilia kwenye kona. Mmoja wenu aeleze kisa kwa ufupi kabla, halafu wacheni sabufa ifanye kazi yake.

Muvi ambayo ningemlazimisha kila mtu aione ni The Train ya 1964, ya John Frankenheimer, nyota wake Burt Lancaster. Ni Agosti 1944, Wajerumani wanataka kuondoka Paris na treni iliyojaa michoro ya thamani, na watu wa reli wa Ufaransa wanaizuia. Treni zilizogongana mle ni treni halisi, na unalijua hilo kwa macho bila kuambiwa. Lakini mimi navutwa na vitu vidogo. Dereva mzee anaziba njia ya oili ya kichwa kwa sarafu ili chuma kipate moto na treni ikwame, anagundulika, anapigwa risasi. Kisha Lancaster, akiwa karakana, anayeyusha madini, anamimina, anachonga beringi mpya kwa mikono yake mwenyewe, kamera inamtazama tu. Fundi wetu aliomba kipande hicho kirudiwe, kikarudiwa tena. Halafu kuna ujanja wa vituo: watu wa reli wanabadilisha majina kwenye mabango ya stesheni, ofisa wa Kijerumani anaamini anakwenda kwao, kumbe anazungushwa. Mzee wangu alisema hilo lisingewezekana bila kila mmoja kushiriki, kuanzia dereva hadi anayepaka rangi mabango. Reli ndivyo ilivyo.

Ya pili ni The General ya Buster Keaton, 1926, muvi ya kimya, na msiogope ukimya. Imetokana na kisa cha kweli cha mwaka 1862 cha kichwa cha treni kilichoibwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Keaton anakaa mbele kabisa ya kichwa kinachotembea, amekumbatia taruma zito, lile gogo linalolazwa chini ya reli, na kuna taruma jingine limelala juu ya reli. Analirusha lile la mikononi kwenye ncha ya lile la chini, linaruka pembeni, na treni inapita. Hakuna aliyemsaidia, hakuna kompyuta. Daraja lile linalowaka moto na kichwa kinachotumbukia mtoni ni kichwa halisi, kilitumbukizwa mara moja tu, huko Oregon. Watoto wa Gongo la Mboto wanaipenda hii kuliko zote.

The Ghost and the Darkness ya 1996 wekeni kwa sababu ni reli ya jirani zetu, ile ya kutoka Mombasa, na simba wa Tsavo waliokuwa wakila wajenzi wake mwaka 1898. Ila waambieni watazamaji ukweli: ilipigwa Afrika Kusini, simba wale wa kweli hawakuwa na manyoya ya shingoni, na mwindaji aliyechezwa na Michael Douglas ni wa kutungwa. Kwa wazazi, The Burning Train ya 1980, na Dharmendra, Vinod Khanna na Hema Malini. Kwenye uzito inafeli mara nyingi, lakini mama yangu anaimba nayo toka mwanzo hadi mwisho na siwezi kumnyima.

Sasa niseme na vijana wenzangu. Una picha chungu nzima za pua ya mchongoko kwenye simu, lakini mtaani kwako yupo mzee aliyeendesha treni maisha yake yote na hujawahi hata kumpa shikamoo. Wazee hawa wanaondoka. Wanaondoka na upepo wao, na kona zao, na vituo vyao. Usisubiri televisheni ije iwatafute. Mimi niliisubiri na nimeshakwambia nilijibiwa nini. Kopa shuka, kopa projekta, mwite mzee. Treni kwanza.

Mdogo wangu wa Temeke, Jumamosi ya kwanza fungueni na ile ya ndugu Lumière ya treni ikiingia stesheni ya La Ciotat, iliyoonyeshwa 1896. Haifiki dakika moja. Mtasikia inasimuliwa kwamba watu waliikimbia ukumbini. Wanahistoria wengi hawaiamini habari hiyo, msiirudie. Kisha Unstoppable, na wiki inayofuata The Train. Ninyi mko jirani na stesheni ya TAZARA, kwa hiyo anzeni kuulizia wastaafu wa huko mapema, kabla hata ya kutafuta projekta. Mkimpata aliyefanya kazi kipande cha Mlimba hadi Makambako, kule kwenye mahandaki na madaraja, mwacheni aongee. Muvi mtaimalizia Jumamosi nyingine.