Bipu ya kufunika tusi

Mlio ule unaoziba tusi redioni au kwenye televisheni unaweza kuitwa bipu, lakini kitenzi "kubipu" kisitumike kwa maana hiyo, kwa sababu Watanzania wengi wakilisikia neno hilo huelewa kumpigia mtu simu na kukata kabla hajapokea, ili yeye ndiye apige. Andika "neno limezibwa kwa bipu" au "limefunikwa kwa mlio", na kila msomaji ataelewa. Nimehariri vipindi vya redio kwa miaka kadhaa, na mlio tunaouweka kwa kawaida ni wa hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, sauti moja nyoofu isiyopanda wala kushuka, ileile inayotumika studioni kupima mitambo. Mara nyingi hatuzibi neno zima: herufi ya kwanza huachwa isikike, bipu ikameza silabi za katikati, na msikilizaji hulitambua neno bila kulisikia. Bipu pia si sawa na kukata sauti kabisa, kwani ukimya hudhaniwa kuwa hitilafu ya mitambo, ilhali mlio hutangaza wazi kwamba kuna jambo limefichwa kwa makusudi.