Mizani imegoma na sendofu inakaribia

*Majibu ya maswali ya wasomaji kuhusu chakula na afya. Anayejibu ni afisa lishe mstaafu, mkazi wa Iringa.*

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, nina miaka 36 na watoto wawili. Mwezi huu nafuata ule mpango wa siku 30 wa kula chakula halisi tu. Sili sukari, ngano, mahindi wala mchele. Maharage, karanga na maziwa nimeacha, na pombe sikuwa natumia tangu zamani. Nilianza na kilo 84. Wiki ya kwanza zikatoka kilo tatu na nusu, nikamshukuru Mungu. Tangu hapo mizani haisogei, na juzi ilipanda karibu kilo nzima. Napima kila asubuhi kwenye duka la dawa nikienda kazini. Kwenye simu naona watu wanasema wametoa kilo kumi kwa mwezi. Sendofu ya mdogo wangu ni mwisho wa mwezi, na gauni nimelikata kwa kiuno ninachokitarajia, siyo nilicho nacho. Nimekosea wapi? Niache na viazi na ndizi? Au nisile kabisa usiku?
*Fundi, Mwanjelwa*

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea popote, na gauni tutalifikia. Tuanze na zile kilo tatu na nusu, maana ndizo zilizokuvurugia matarajio.

Unapokula ugali, wali au chapati, sehemu ya wanga huwekwa akiba kwenye ini na misuli. Wataalamu huiita glaikojeni. Mtu mzima hubeba kama gramu 400 hadi 500 za akiba hiyo, na kila gramu hushika takriban gramu tatu za maji. Wewe uliacha ugali, chapati na chai ya sukari kwa siku moja. Mwili ukaingia kwenye akiba, na maji yaliyokuwa yameshikwa yakatoka kwenye mkojo. Akiba ikipungua sana, karibu kilo mbili zinaondoka kabla mafuta hayajaguswa. Juu ya hapo, mkate na vyakula vya paketi vina chumvi, na chumvi hushika maji; umeviacha, nayo yakatoka. Tumbo nalo halijabeba ugali wa jana. Hivyo ndivyo mizani ilivyoshuka haraka wiki ya kwanza. Wiki ya pili hayo yote yamekwisha, yamebaki mafuta, na mafuta hayana haraka.

Tuipige hesabu ya kilo kumi kwa mwezi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba nguvu ya takriban kilokalori 7,700. Kilo kumi ni 77,000. Gawanya kwa siku 30, unapata zaidi ya 2,500 kila siku. Mwanamke anayekaa kwenye cherehani kutwa hutumia kama 2,000 kwa siku nzima, pamoja na kupumua na kulala. Maana yake hata usingekula chochote mwezi mzima, usingefikisha kilo kumi za mafuta. Hao unaowaona kwenye simu wamepima maji, au misuli, au walianza na uzito mkubwa kuliko wako, au hawasemi kweli. Naumia ninapoona mama mwenye bidii kama wewe akijihukumu kwa namba ambayo mwili hauwezi kuitoa.

Kinachowezekana ni nusu kilo ya mafuta kwa wiki, wiki nzuri sana ikakaribia kilo moja. Kwa hiyo tangu ulipoandika kilo 84 hadi siku ya 30, mafuta yaliyoondoka yatakuwa kilo mbili, pengine tatu. Ni kazi kubwa, hata kama duka la dawa halikuonyeshi.

Sasa ile karibu kilo nzima ya juzi. Nadhani ulikuwa unakaribia siku zako, kipindi ambacho wanawake wengi hushika kilo moja au mbili za maji na kuyaachia damu ikianza. Halafu kuna baridi ya Mbeya. Unapanda mizani na sweta, khanga juu ya sketi, na viatu vya kufunika. Kesho yake umevaa blauzi na ndala. Mizani ya dukani haijui umevaa nini. Nimefanya kazi miaka mingi kliniki za mama na mtoto, Rungwe kisha Iringa. Mtoto tulimpima mara moja kwa mwezi, akiwa amevuliwa nguo nzito, kwa sababu ya jana na leo hayasemi kitu. Mstari wa miezi kwenye kadi ndio unaosema. Wewe mtu mzima unajipima kila asubuhi na kuamua siku yako yote iwe ya furaha au ya huzuni.

Hata walioanzisha mpango huu wanakataza. Unaitwa Whole30, ulianzishwa Marekani mwaka 2009, na moja ya masharti yake ni kutopanda mizani wala kujipima umbo kwa siku zote 30. Unapima kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Sababu ni kwamba haukutengenezwa kwa ajili ya kupunguza uzito. Ni mpango wa kuondoa makundi ya vyakula kwa muda, kisha kuyarudisha moja moja ili ujue ni lipi linalokujaza gesi, linalokuchosha mchana au linalokuwasha ngozi. Wengi hupungua wakiwa ndani yake, kwa kuwa soda, maandazi na chai yenye vijiko vitatu vimeondoka mezani. Kupungua huko ni matokeo ya pembeni, na ukifanya kupungua ndiyo lengo, utaukatia tamaa mpango ambao pengine unakufaa.

Viazi na ndizi usiache. Vinaruhusiwa, pamoja na magimbi na mihogo, na kwa mtu wa nyanda zetu hiyo ni neema. Ukiondoa ugali, wali na maharage, halafu ukaondoa na viazi vya Uyole na ndizi za Tukuyu, utakula nini hadi jioni? Utavumilia mpaka Alhamisi, Ijumaa utamaliza sufuria ya wali peke yako. Chemsha viazi, uvile na mayai au usipa wa Kyela, na mnafu au majani ya maboga kwa wingi. Chipsi ndizo zimekatazwa, ingawa ni viazi vile vile.

Ninachotaka ukiangalie ni mafuta ya kupikia, parachichi na korosho. Hivi vyote vinaruhusiwa, ni vizuri, na hapo ndipo watu wengi hukwama bila kujua. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya alizeti kina kilokalori 120. Parachichi la kawaida lina 300 au zaidi, na yale makubwa ya Rungwe yanazidi hapo. Korosho gramu 100 ni kama 550. Mtu anajinyima chapati, kisha anakaanga mboga kwa vijiko vinne vya mafuta, anakula parachichi zima mchana na jingine usiku, na konzi ya korosho kila anapobadilisha uzi. Wiki hii pima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa, na parachichi liwe nusu kwa mlo. Usibadilishe kingine.

Kulala njaa nakataa kabisa. Usiku mmoja wa njaa unalipwa kesho yake saa kumi jioni, na unalipwa kwa maandazi. Kula mapema, saa moja ikiwezekana, na ule ushibe. Ukianza kupata kizunguzungu, moyo kwenda mbio, au siku zako zikikatika, acha mpango na uende kituo cha afya.

Gauni sasa. Wewe una futi ya kamba shingoni kutwa, ni kipimo bora kuliko mizani ile. Siku ya 30 ikifika, jipime kiuno usawa wa kitovu, asubuhi, kabla ya kula, bila kuvuta tumbo ndani. Wengi hukuta kiuno kimepungua hata pale ambapo kilo zimegoma. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo kwa mwanamke huanza kupanda kiuno kikivuka sentimita 80, kwa hiyo namba hiyo ina faida hata baada ya sendofu. Mishono ya ubavuni iache bila kufungwa mpaka siku tatu kabla ya shughuli, kisha shona kwa mwili ulio nao siku hiyo. Kama kitambaa cha ndani ya mshono ulishakipunguza, weka kipande pembeni cha rangi inayoshika. Wateja wako umewafanyia hivyo mara nyingi, na hakuna aliyependeza kidogo kwa sababu hiyo.

Kitu cha mwisho nikutahadharishe mapema. Ukianza kula ugali tena, kilo moja au mbili zitarudi ndani ya siku chache. Ni akiba ile na maji yake vimerudi mahali pake. Usilie, na usianze mpango upya kwa hasira. Siku ya 31 usifungulie kila kitu kwenye ukumbi wa sendofu. Kama tarehe zinagongana, ahirisha majaribio ya kurudisha vyakula hadi shughuli ipite. Kisha anza na maharage siku moja, rudi kwenye mpango siku mbili, halafu mahindi na mchele, siku mbili tena, kisha maziwa, mwisho ngano. Andika tumbo na usingizi vilikuwaje. Mimi binafsi sitamwambia mtu wa Mbeya aache maharage maisha yake yote. Yana protini, yana nyuzinyuzi, na bei yake mama yeyote anaimudu. Yakikukubali, yarudishe kwa moyo mweupe. Sukari ya chai ndiyo nakuomba usiirudishe kama zamani: vikombe vinne vya vijiko vitatu ni karibu gramu 48, na WHO inashauri mtu anayekula kilokalori 2,000 asizidi kama 50 kwa siku nzima, vyakula vingine vikiwemo.

SWALI: Mama, shikamoo. Mimi ni baba wa miaka 52, Makambako. Nina kisukari, natumia vidonge vya glibenklamidi asubuhi. Mke wangu ameanza mlo huo wa kuacha nafaka na sukari, nataka tuanze pamoja nipunguze tumbo. Kuna ubaya?
*Baba, Makambako*

JIBU: Marahaba baba. Usianze kesho. Nenda kwanza kliniki yako ya kisukari, mweleze mganga unachotaka kufanya, na ubebe karatasi ya vipimo vyako.

Glibenklamidi huilazimisha kongosho itoe insulini, inayoshusha sukari ya damu, hata kama hujala wanga wa kutosha. Leo dozi yako imepangwa kulingana na ugali unaokula. Ukiuondoa ghafla na kidonge kikabaki kile kile, sukari inaweza kushuka chini mno: kutetemeka, jasho la baridi, njaa kali, kuchanganyikiwa, hata kupoteza fahamu. Anayechoma insulini yuko kwenye hatari hiyo hiyo. Mganga anaweza kupunguza dozi au kukubadilishia dawa, wewe mwenyewe usiikate. Mkikubaliana uanze, pima sukari mara nyingi zaidi kuliko ulivyozoea. Na dalili zile zikikujia, koroga vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, unywe hapo hapo. Mpango unakataza sukari, wewe kunywa. Mama wa nyumbani naye azijue dalili hizo, kwa kuwa aliyeshukiwa na sukari mara nyingi hubisha kwamba yuko salama.

Huku ukisubiri tarehe ya kliniki, usiongeze wala kupunguza ugali kwa pupa. Soda na sukari ya chai unaweza kuanza kuzipunguza taratibu, na kutembea baada ya chakula cha jioni hakuhitaji programu yoyote.

SWALI: Mimi ni kijana wa Mufindi. Ulanzi ni utomvu wa mwanzi, hauna kemikali. Nikiwa kwenye siku 30 za chakula halisi, naruhusiwa? Nina harusi ya binamu katikati.
*Kijana, Mufindi*

JIBU: Hapana mwanangu. Ule mkangafu, yaani ulanzi uliochacha na kuwa mkali, una kileo, na kileo kimekatazwa kwa siku zote 30. Mtogwa, ule mpya mtamu, nao hauchelewi kuchacha. Ukigemwa asubuhi, jioni umeshabadilika.

Masharti yao yanasema ukiteleza mara moja unarudi siku ya kwanza. Hapo mimi nina msimamo wangu: kwa aliyekusudia kujua chakula gani kinamsumbua, kuanza upya kuna maana, kwa sababu jaribio limeingiliwa. Kwa aliyekusudia kula vizuri zaidi tu, kurudi mwanzo humfanya aache kabisa. Wewe umekusudia lipi? Kama ni la kwanza, sogeza tarehe ya kuanza hadi harusi ipite. Kama ni la pili, nenda harusini, kula nyama na ndizi, sema una dawa unayotumia ili wazee wasikulazimishe kikombe, na ukinywa, andika siku hiyo kwenye daftari pamoja na jinsi ulivyolala usiku wake.