Skripti yako inafanana na muvi uliyoiona? Usiitupe kwanza

Juzi msichana mmoja wa Mbale ameniandikia inbox, meseji ndefu haina hata nukta. Ameandika skripti ya muvi fupi ya kutisha, kijiji chini ya mlima Elgon, usiku ukiitwa jina lako ukaitika basi, asubuhi hawakuoni tena. Miezi minne anaandika. Halafu Jumamosi ameenda kwa shangazi yake wakaweka Bird Box, ile muvi ya vitu ambavyo ukiviona tu umekufa, akafika kule mwishoni msituni ambapo zile sauti zinamwita Malorie, yule mama wa muvi, ajifungue kitambaa machoni, akaanza kulia machozi ya ukweli mbele ya shangazi. "Kaka, wazo langu wameshalitumia, niitupe?"

Nimekaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Huyu binti ni mimi wa 2019 kabisa.

Mwaka huo nilipeleka skripti kwa shindano moja hapa Kampala, jina nalihifadhi, wenyewe wanajijua. Ilikuwa ya abasezi, wale wachawi wa usiku ambao bibi alikuwa anatuambia wanacheza uchi na kufukua maiti. Kwangu mimi abasezi walikuwa wanafuata sauti ya kilio. Kijiji kimefiwa, na ukilia wanakuja. Sasa fikiria mazishi ya kwetu bila kulia! Watu watasema wewe ndo umemuua. Nilijiona nimemaliza kila kitu, nilikuwa nimeshaulizia bei ya koti pale soko la Owino, la siku ya zawadi. Jibu likaja mstari mmoja: hii tumeshaiona, inaitwa A Quiet Place. Ni ile muvi ya Marekani ya madudu yanayofuata sauti, ukisikika tu wamekuja. Hata jina langu walilikosea.

Sikuandika kitu miaka miwili. Nikiulizwa nasema majaji walishakula pesa ya mtu. Kumbe nilikuwa najua, ila nilikuwa sijakaa na nafsi yangu nikaiuliza vizuri.

Wikiendi iliyopita sasa, kwa sababu ya huyu binti na kwa sababu mvua ilinifungia ndani, nimekaa na laptopu na daftari nikaangalia zote tatu, A Quiet Place, The Silence na Bird Box, moja baada ya nyingine. Zote wanaziweka kapu moja: kuna vitu vimekuja, kiungo kimoja cha mwili ndo kinakuua, familia inakimbia. Ukisikika umekufa, ukiona umekufa.

A Quiet Place ya 2018 mimi mara ya kwanza niliiangalia kwa kibanda cha muvi kule Jinja, nyuma ya baraki, kambi ya askari tulikokulia (sisi watoto wa baraki ndo maana Kiswahili kimetukaa), kiingilio shilingi 1,000. Na ilikuwa imetafsiriwa na VJ, wale wanaosimulia muvi za kigeni kwa lugha ya kwetu. Mwenzangu, ile muvi karibu yote ni kimya, familia inaongea kwa ishara za mikono, halafu juu yake kuna mtu anapiga kelele kwa Luganda dakika tisini bila kupumua. Baba anatembea kwa mchanga polepole, VJ anatuambia baba anawaza karo ya shule. Tulicheka mpaka benchi likaanguka. Mi nilitoka pale nikiwa nimeiona muvi lakini sijaisikia, yaani sijausikia ule ukimya wenyewe.

Safari hii nimeweka hedifoni, taa nimezima. Hapo ndo nimeelewa. Wamemwaga mchanga njia yote ili mguu usilie. Kuna ule msumari kwenye ngazi, unauona umesimama, mama anapanda na kushuka na mimba yake na wewe unangoja tu. Na kuna pale kwenye maporomoko ya maji, baba anampeleka mtoto wa kiume, kelele ya maji inawafunika, wanapiga ukelele. Mara moja tu katika muvi nzima mtoto anapiga kelele bila kuogopa, kama mtoto. Nikaisimamisha nikaenda jikoni.

Nikafungua skripti yangu ya 2019 kwenye imeili. Aibu. Kulikuwa na binti kiziwi kama wa kule. Kulikuwa na mama mwenye mimba. Na kulikuwa na msumari! Nyumba za kijiji changu ni za udongo, hazina ngazi, kwa hiyo nilijenga ghala la mahindi juu ya miti nikaliwekea ngazi ili tu nipate pa kuusimamisha ule msumari. Majaji walikuwa sawa. Waliniandikia kama mtu asiye na mama, lakini walikuwa sawa.

The Silence imetoka Netflix 2019, mwaka uliofuata, na dunia nzima ikasema hawa wameiga. Lakini kitabu chake, cha Tim Lebbon, kilitoka 2015, miaka mitatu kabla ya ile nyingine kuingia sinema. Wewe uliyekaa hapo unalia kwamba wazo lako limeibwa, angalia huyu, wazo alikuwa nalo kwanza na bado muvi yake inaitwa kopi. Kutangulia hakujamsaidia kitu.

Na mi naona sio kwa sababu ya wazo. Kuna sini moja nzuri sana, familia iko ndani ya gari, vile vidudu vinavyoruka kama popo vimezunguka nje, na mbwa wao ameanza kubweka. Mbwa wa miaka, mbwa ana jina. Baba anafungua mlango. Basi, hiyo sini ningeilipia. Baada ya hapo anatokea mchungaji na watu wake waliokatwa ndimi, wanamtaka binti wa ile familia, na muvi inahama mtaa. Halafu wanaongea sana, wananong'ona sentensi nzima nzima utafikiri vile vidudu vimeenda likizo. Na binti kiziwi ameigizwa na Kiernan Shipka ambaye anasikia, wakati kwenye A Quiet Place Millicent Simmonds ni kiziwi kweli, na inaonekana, mikono yake inaongea haraka kuliko mdomo wangu.

Bird Box, Desemba 2018, hii wamebadilisha sikio kuwa jicho. Netflix wenyewe walitangaza akaunti zaidi ya milioni 45 zimeiangalia wiki ya kwanza. Vile vitu huvioni hata mara moja, na mi nawapigia makofi, maana dudu likishaonyeshwa huwa naanza kuhesabu miguu yake badala ya kuogopa. Lakini kilichonishika ni majina ya watoto. Malorie anawaita Boy na Girl, Mvulana na Msichana. Hawapi majina kwa sababu anaogopa kuwapenda halafu wafe. Kwetu mtoto anapewa jina la babu kabla kitovu hakijakauka, sasa mama anayekataa kutoa jina ni mama aliyeumizwa vipi? Mto, boti, vitambaa, yote hayo nitayasahau. Hiyo siisahau.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na nimeulipia. Sheria ya muvi ya kutisha haina mwenyewe. Usiongee, usiangalie, usiitike, bibi zetu walikuwa nazo zote kabla ya stima kufika kijijini. Kilicho chako ni bei. Hiyo sheria inamgharimu nini mtu wako, huyo mmoja, wa hapo? Kwenye A Quiet Place imewagharimu kelele za watoto. Kwenye gari imegharimu mbwa. Kwa Malorie ni majina. Tafuta bei. Ukiniuliza la pili nitakwambia tafuta bei, na la tatu pia.

Na kama unabisha, nenda kaangalie A Quiet Place: Day One ya 2024, dada yetu Lupita. Madudu yale yale, sheria ile ile, hii ni ya tatu kwenye mfululizo. Ungesema wamekamua hadi maji. Lakini mtu wao ni mgonjwa wa saratani, ana paka, na mji unapoanguka yeye anataka kipande cha pitsa. Mtu anayekufa tayari, utamtisha na nini? Hapo ndo tofauti yote. Vijana wetu hawataki kukaa na swali kama hilo, mnataka kamera, mnataka droni, mnataka kumjua mtu Nairobi, mnaniuliza nitumie programu gani ya kuhariri na hujaniambia mtu wako anaogopa kupoteza nini. Kaeni chini. Zimeni data. Muulizeni bibi aliyebaki hai, maana wanaisha, na wakiisha mtabaki mnaiga misumari.

Haya, nimepandisha sauti, nisameheni.

Mi nimerudi kwa abasezi wangu. Nimemtoa yule binti kiziwi, nimemtoa mjamzito, ghala nimelibomoa na msumari wake. Kimebaki kijiji na jeneza na mama wa marehemu. Udongo wa kwanza unashuka, anavuta ule mshipi wa gomesi yake, lile gauni la kina mama wa kwetu, mshipi wa hariri, ule wa sherehe, anaukunja anaujaza mdomoni mpaka mashavu yanavimba, anaangalia shimo. Wakwe zake wako upande wa pili wanamwangalia, na hawajui kuhusu abasezi, wao wametoka mji mwingine. Wanachoona ni mama ambaye mwanawe anazikwa na hatoi sauti. Nimeisomea dada yangu akaniambia niache, ana watoto ndani ya nyumba.

Yule binti wa Mbale nimemjibu kwa voisi noti ya dakika kumi na moja, yote haya niliyoandika hapa na zaidi. Nimemwambia asiitupe, na nimemuuliza: kijijini kwako anayeita usiku ni sauti ya nani, na huyo anayeitwa alikuwa amengoja kuitwa na hiyo sauti miaka mingapi? Hiyo ilikuwa Jumanne. Tiki ni za bluu, hajajibu. Labda anaandika, labda dakika kumi na moja zimemshinda.