Mjomba, hao maafisa hawakuwa wanakula bata

Mjomba, umeniuliza kama kweli naishi kwenye nchi ya filamu za farasi, na kama wale maafisa wa jeshi la Marekani waliowasaka Waapache, wenyeji wa asili wa huku, walikuwa wanakula bata jinsi wanavyoonekana. Niko Tucson, Arizona, nasafisha vyumba hotelini. Jumatatu iliyopita nilikuwa mapumziko, nikaenda Fort Bowie, kambi ya zamani ya jeshi hilo, nijionee.

Gari unaliacha mbali, unatembea jangwani kama kilomita mbili na nusu. Ukifika, ni vipande vya kuta za matofali mabichi. Kambi iliwekwa pale 1862 kwa ajili ya chemchemi moja. Niliinama nikaitazama: kijimkondo tu, kujaza ndoo kunataka subira.

Luteni wa pili wa askari wapanda farasi alilipwa dola 1,500 kwa mwaka, askari wa kawaida dola 13 kwa mwezi. Utasema luteni ana pesa ndefu, ila afisa chakula na sare alijinunulia. Na nyumba je! Akihamia afisa aliyekuzidi cheo, ana haki ya kuchukua yako. Mke anakusanya masufuria, mnakwenda kumtoa aliye chini yenu, naye anamtoa wa chini yake. Nilicheka peke yangu. Mimi mwenyewe nimehama vyumba vinne kwa miaka mitatu.

Luteni Charles Gatewood ndiye aliyeniuma. Mwaka 1886, mwili mbovu, aliingia Mexico na Waapache wawili, Kayitah na Martine, wakamshawishi Geronimo, kiongozi wa Waapache waliokuwa wakisakwa, ajisalimishe. Jeshi lilikuwa limetoa askari kama 5,000 kufukuza watu wasiofika 40, wanawake na watoto humohumo. Sifa zikaenda kwa mkubwa wake, Jenerali Miles. Gatewood alikufa 1896, luteni vilevile. Kayitah na Martine? Wakapelekwa kifungoni Florida pamoja na wenzao.

Na sisi weusi, basi mtazame Henry Flipper, wa kwanza wetu kuhitimu West Point, chuo cha maafisa wa jeshi la Marekani, 1877. Mwaka 1880 alikuwa kwenye msako wa Victorio, kiongozi mwingine wa Waapache. 1882 wakamfukuza jeshini. Msamaha wa rais ulitoka 1999, naye yuko kaburini tangu 1940.

Njiani kuna makaburi. Moja ni la mtoto wa Geronimo, wa miaka miwili tu. Juu yake mtu kaacha kigari cha plastiki, chekundu, tairi moja hakina. Hiyo picha ndiyo sikuituma kwenye grupu la familia.