Maswali ya Wasomaji: Dionysos, Mungu wa Mvinyo wa Wagiriki wa Kale

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Wagiriki wa kale, ambao ulimwengu unawasifu kwa falsafa na hisabati, walikuwa na mungu wa mvinyo aliyeitwa Dionysos, na kwamba ibada yake ilikuwa ni kunywa, kucheza ngoma na kurukwa na akili. Inakuwaje watu wenye busara kiasi hicho wauabudu ulevi?

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa swali hili, kwa kuwa linagusa kosa linalorudiwa mara nyingi mno. Dionysos hakuwa mungu wa walevi. Mvinyo ulikuwa wake, pamoja na mzabibu na kila kichipukacho kwa utomvu, lakini zaidi ya hayo alimiliki ile hali ya mtu kutoka nje ya nafsi yake, iwe kwa kinywaji, kwa ngoma, kwa wimbo au kwa kuvaa sura isiyokuwa yake. Wagiriki waliiona nguvu hiyo kuwa ya kweli na ya hatari, na ndiyo sababu waliitengea siku zake, vyombo vyake na utaratibu wake.

Tazama jinsi walivyokunywa. Katika karamu za wanaume mvinyo haukunywewa mtupu, bali ulimiminwa katika bakuli kubwa lililoitwa krater na kuchanganywa na maji, ambayo kwa kawaida ndiyo yaliyozidi, huku mtu mmoja akichaguliwa kusimamia kipimo. Kunywa mvinyo usiotiwa maji kulihesabiwa kuwa desturi ya mataifa yasiyostaarabika. Eubulus, mtunzi wa futuhi wa karne ya 4 KK, alimpa Dionysos mwenyewe kazi ya kuonya: wenye busara huchanganyiwa mabakuli matatu tu, la kwanza la afya, la pili la mapenzi na la tatu la usingizi, kisha huenda zao nyumbani, la nne si la mungu tena bali la ufedhuli, na yanayofuata huleta makelele, ngumi na mashtaka, hadi la kumi ambalo ni la wazimu. Kwangu mimi onyo hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu anayelitoa ndiye mwenye mvinyo.

Huko Athens kulikuwa na sikukuu ya siku tatu iitwayo Anthesteria, iliyoangukia kati ya Februari na Machi, ambapo mitungi ya mvinyo mpya ilifunguliwa na mungu akamiminiwa sehemu yake kabla ya mtu yeyote kuonja. Siku ya pili kila mtu alikunywa kutoka katika mtungi wake mwenyewe, mezani pake, bila kusema neno. Walieleza kwamba desturi hiyo ilianza pale Orestes, shujaa wa hekaya aliyemuua mama yake, alipofika mjini, na wenyeji wakatafuta njia ya kumkaribisha bila kushiriki naye chombo kimoja. Siku hiyo hiyo mke wa afisa aliyebeba cheo cha kale cha mfalme aliozwa kwa Dionysos kwa niaba ya mji mzima. Siku ya tatu ilikuwa ya wafu, na nafaka zilipikwa vyunguni kwa ajili ya mungu Hermes anayeongoza roho za wafu. Sherehe iliyoanza kwa furaha ya zabibu iliishia makaburini, na hakuna Mwathene aliyeona ajabu.

Ama habari za wanawake wa Dionysos, wanaosemekana kupagawa kwa ulevi, hapo ndipo uvumi umeizidi kweli. Wanawake wa mji mtakatifu wa Delphi pamoja na wenzao wa Athens walipanda Mlima Parnassos kila mwaka wa pili, wakati wa baridi kali, kumchezea mungu ngoma usiku. Mwandishi Plutarch, aliyekuwa kuhani wa Delphi, amesimulia jinsi walivyowahi kunaswa na theluji, na waliokwenda kuwaokoa wakarudi na majoho yaliyoganda mithili ya mbao. Safari ya namna hiyo haiwezekani kwa mlevi. Hata katika tamthilia ya Euripides iitwayo Bacchae, mfalme Pentheus anaposhikilia kwamba wanawake walioko mlimani wamelewa na kufanya uasherati, mchunga ng'ombe aliyewaona kwa macho yake anamwambia kwamba walikuwa wamelala kwa staha, wala hawakulewa. Pentheus hamsikii, na mwishowe anararuliwa na mama yake mzazi. Aliyerukwa na akili kwanza katika kisa hicho ni yule aliyejidai kuwa na akili timamu kuliko wote.

SWALI: Nimesikia kwamba michezo ya kuigiza ilianzia katika ibada ya mungu huyu. Mvinyo na tamthilia vinahusiana vipi?

JIBU: Vinahusiana kwa barakoa. Mwigizaji anapoivaa huacha kuwa yeye, na huko kuwa mwingine ndiko kulikokuwa milki ya Dionysos. Kila mwaka majira ya kuchipua Waathene walifanya Dionysia Kuu. Sanamu ya mungu iliingizwa mjini kwa maandamano, mafahali wakachinjwa, kisha makabila 10 ya mji yakashindana kwa nyimbo, kila kabila likitoa waimbaji 50 wanaume na 50 wavulana, yaani watu 1,000 kabla tamthilia yenyewe haijaanza. Baadaye watunzi watatu walishindana, kila mmoja kwa tanzia tatu na mchezo mmoja wa kuchekesha wenye satiri, wale wafuasi wa mungu wenye masikio na mkia wa farasi. Watunzi mashuhuri wa tanzia, Aeschylus, Sophocles na Euripides, wote walishindana hapo. Ukumbi huo ungalipo kwenye mteremko wa kusini wa Akropolisi, kilima cha ngome cha Athens, na katikati ya safu ya mbele kimebaki kiti cha marumaru cha kuhani wa Dionysos. Hakuna kilichoigizwa pale ambacho mwakilishi wa mungu hakukitazama kutoka mahali pazuri kuliko pote.

SWALI: Je, ni kweli kwamba alikuwa mungu mgeni aliyeletwa Ugiriki baadaye, na kwamba Waroma walimpiga marufuku?

JIBU: La kwanza si kweli, ingawa wataalamu wengi waliliamini. Wagiriki wenyewe walisimulia kwamba mimba yake ilitungwa Thebes na Semele, na mama huyo alipoungua, Zeus, mkuu wa miungu, akamhifadhi mtoto katika paja lake hadi akazaliwa humo, na kwamba alirudi kutoka mashariki akiwa kama mgeni. Lakini Mwingereza Michael Ventris alipofumbua maandishi ya Linea B, mwandiko wa Kigiriki cha kale sana, mwaka 1952, jina la Dionysos lilionekana katika vibao vya udongo vya Pylos, mji wa kale wa Ugiriki, ambavyo ni vya karne ya 13 KK hivi. Ugeni wake, basi, ulikuwa ni tabia yake. Yeye ni mungu ambaye daima anafika, hata anapokuwa nyumbani.

La pili ni kweli nusu. Mwaka 186 KK baraza la seneti la Roma liliikandamiza ibada ya Bacchus, jina ambalo Waroma walimwita Dionysos, kwa adhabu ya kifo. Hata hivyo agizo halikuifuta kabisa: aliyeona dhamiri inamlazimisha aliweza kuomba ruhusa, mradi wasikusanyike zaidi ya watu watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Nakala ya shaba ya agizo hilo ilipatikana Tiriolo, kusini mwa Italia, mwaka 1640, na sasa imehifadhiwa Vienna.