Maswali yenu: kufuli, funguo na simu ya bibi

*Mjukuu kaniwekea Tor Browser. Mbona kurasa zinajikokota? Imeharibika? (Mama wa mahamri, Makadara)*

Nzima hiyo, mama. Hicho ni kivinjari cha kuficha nyendo zako mtandaoni: ombi lako hupitishwa kwenye kompyuta tatu za watu wa kujitolea, isiwepo hata moja inayokujua wewe na pia kule uendako. Ni sawa na kutoka Likoni kuja mjini kwa kuzunguka Dongo Kundu. Mjukuu angekwambia mapema.

*Naunda programu ya ujumbe wa siri. Kila ninayempa anakwama kwenye "ufunguo wa umma". Nitengeneze video ya mafunzo? (Mwanafunzi, Tudor)*

Video iache kwanza. Mwaka 1999, huko Marekani, Alma Whitten na J.D. Tygar waliwapa watu 12 programu ya PGP 5.0 na dakika 90 za kutia sahihi na kufunga barua pepe isisomwe na mwingine. Wanne tu waliweza. Watatu walituma siri yenyewe ikiwa wazi! Na hao walikuwa wazoefu wa barua pepe. Programu ndiyo iliyowaangusha.

Kwako, neno lenyewe linapoteza watu. Ufunguo tunaoujua hufungua mlango, wala haugawiwi ovyo. Hicho unachokigawa wewe kazi yake ni kufunga, basi kiite kufuli: nakupa kufuli langu, unafungia barua, ufunguo ninao mimi. Afadhali zaidi kisionekane kabisa. WhatsApp ilipokamilisha kuweka mfumo wa Signal wa kufunga ujumbe mwaka 2016, mama zetu hawakwenda semina.

Kisha mpe shangazi yako simu, mwambie atume ujumbe, nawe ufunge mdomo. (Mimi hushindwa kabla ya dakika mbili.) Kidole chake kitakaposita, hapo ndipo pa kurekebisha.

*WhatsApp hakuna anayesoma, sivyo? (Baharia, Mji wa Kale)*

Njiani, hakuna, maana ujumbe husafiri umefungwa. Ila nakala ya akiba ya gumzo zako haifungwi hivyo mpaka uwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya gumzo. Jambo zito hivyo kufichwa huko ndani, mimi sioni adabu yake.

*WhatsApp inaniuliza tarakimu sita za siri kila mara. Niziondoe? (Bibi, Majengo)*

La, bibi. Ndizo zinazomzuia mwizi kuhamishia akaunti yako kwenye simu yake. Ziandike kwenye daftari, ulifungie kabatini na vyeti vya nyumba.