Kutafiti Masomo ya Ng'ambo Ukiwa Kisumu: Mwulize Pia Aliyebaki

Kila msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti unapowadia, hunijia wanafunzi wa uzamili wakiwa na mada isiyotofautiana sana na za waliowatangulia: athari za masomo ya ng'ambo kwa vijana wa Kisumu, wa Siaya au wa Kakamega. Mpango wenyewe nao huwa mmoja. Mtafiti atawatafuta waliosomea Marekani, Uingereza au Kanada na kurejea, atawapa hojaji ya kukubali au kukataa kauli fulani, kisha ataandika kwamba safari iliwapanua mawazo, ikawapa ujasiri na kuwarahisishia kupata kazi. Nimesimamia na kushiriki tafiti za aina hii kwa muda wa kutosha kusema bila kusita kwamba matokeo hayo yangeweza kuandikwa kabla ya hojaji kuchapishwa, na sioni sababu ya mtu kutumia karo na nauli kutafuta jibu alilonalo tayari.

Kasoro huwa katika ulinganisho, wala si katika maneno ya hojaji. Kijana aliyepata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo hakuwa sawa na wenzake hata siku moja kabla ya kupanda ndege. Mara nyingi alisoma katika shule inayojua kuandika barua za mapendekezo, alikuwa na mzazi au mjomba aliyewahi kushika pasipoti, na alikuwa na ujasiri wa kuomba mahali ambapo wengine hawakuthubutu. Ukimkuta miaka mitano baadaye ana kazi nzuri na anazungumza kwa kujiamini, huwezi kusema safari ndiyo iliyomfanya hivyo, kwa maana hujui angekuwa wapi kama angebaki akasomea chuo kikuu cha hapa Kenya kama Maseno au Egerton.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko mingine yote, ni kwamba umtafute aliyebaki. Simaanishi mtu yeyote asiyesafiri, bali yule aliyeomba nafasi ileile, akakubaliwa na chuo, kisha akazuiwa na viza au na pengo la ada ambalo familia haikuweza kuliziba. Watu hawa wako wengi katika eneo letu na si vigumu kuwapata: walimu wakuu wanawajua, makanisa yaliyowachangia yanawajua, na waliosafiri huwa bado wanawasiliana nao. Ulinganisho huo hautakuwa kamili, kwa sababu aliyeshindwa kulipa ada anatofautiana na aliyelipa katika jambo ambalo lenyewe huathiri maisha ya baadaye, na hilo lazima uliandike waziwazi katika sura ya mbinu. Hata hivyo, ni ulinganisho wenye maana zaidi kuliko kumlinganisha msafiri na nafsi yake ya zamani kama anavyoikumbuka. Uwaendee kwa upole. Wapo ambao barua ya chuo bado imehifadhiwa kabatini, na swali lako linaweza kuwa la kwanza wanaloulizwa kuhusu jambo hilo tangu lilipowafika.

Kama una muda na mfadhili, anza kabla ya safari. Waulize wote wanaoomba nafasi mwaka huu, kabla hawajajua nani atafaulu, kisha urudi kwao tena na tena. Ni njia ya gharama na ya subira, na ndiyo maana wengi huikwepa, lakini historia ya taaluma hii inaonyesha bei ya kuikwepa. Mwaka 1955 mwanasosiolojia wa Norwe, Sverre Lysgaard, alichapisha matokeo ya mahojiano na Wanorwe wapatao 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa chini ya miezi 6 walionekana kuzoea vizuri, waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walionekana kutaabika zaidi, na waliokaa zaidi ya miezi 18 walionekana wametulia tena. Kutokana na hayo likazaliwa wazo kwamba mgeni hushuka kisha hupanda, wazo ambalo hadi leo hufundishwa katika semina za kuwaaga wanafunzi kana kwamba ni sheria ya maumbile. Lakini Lysgaard hakumfuata mtu mmoja kwa miezi yote hiyo. Alilinganisha watu tofauti waliokaa kwa muda tofauti, na aliwauliza wakiwa wamekwisha kurudi nyumbani. Huenda waliokaa muda mrefu walikuwa watu wa namna nyingine tangu mwanzo. Mwanafunzi anayelinukuu wazo hilo bila kuyataja haya hujipunguzia alama mbele ya msahihishaji makini.

Linganisha na utafiti ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Georgetown na kuchapishwa mwaka 2009. Huo ulihusisha wanafunzi 1,297 katika programu 61, ukawapima kabla na baada ya safari, na ukawa na kundi la waliobaki nyumbani. Mojawapo ya matokeo yake ni kwamba kusafiri peke yake hakukuhakikisha mabadiliko makubwa katika uwezo wa kuelewana na watu wa utamaduni mwingine; lililoleta tofauti zaidi ni kuwepo kwa mlezi aliyewasaidia wanafunzi kutafakari yaliyokuwa yakiwapata wakiwa hukohuko. Jambo kama hilo haligunduliki kwa kuwauliza waliorejea kama safari iliwafaidi.

Na hapa nitakaa kidogo, kwa maana swali hilo la faida lina uzito wa pekee kwetu. Katika eneo letu hili la magharibi mwa Kenya, safari ya masomo mara chache huwa ya mtu mmoja. Nauli imetoka kwenye harambee, ada ya viza imelipwa na shangazi, fahali ameuzwa, au kipande cha shamba kimekodishwa kwa misimu kadhaa. Anayerudi anarudi akiwa na deni la shukrani kwa ukoo na kanisa zima. Sasa mtafiti anafika, anakaribishwa sebuleni kwa baba, chai inaandaliwa, mama yuko karibu anasikia, kisha anauliza, "Je, masomo ya ng'ambo yalikunufaisha?" Kijana huyo hatakujibu wewe, atawajibu waliomchangia. Hatasema kwamba muhula wa pili alikuwa akifanya kazi za usiku hadi akasinzia darasani, wala kwamba alibadilisha kozi kimyakimya kwa sababu ile aliyochangiwa ilimshinda. Yapo pia, katika miaka ya karibuni, malalamiko ya wazazi waliolipia safari ambazo hazikufanyika, na katika familia kama hizo mtu yeyote mwenye fomu na kalamu hutazamwa kwa shaka.

Kutokana na hali hiyo, kutana na mshiriki wako mbali na nyumbani, na uulize juu ya matukio badala ya hukumu. Mwombe akueleze wiki ambayo fedha zilimwishia, nani alimpigia simu na nani hakumwambia. Mwulize alituma picha gani nyumbani na zipi hakuzituma. Majibu ya maswali kama haya huwa marefu na hayaingii vizuri katika jedwali, lakini humo ndimo ulimo utafiti. Anayehoji asiwe jamaa wala muumini wa kanisa lilelile. Wengi huanza kuzungumza Kiingereza, kwa kuwa mada ni ya elimu, kisha huhamia Dholuo, Kiluhya au Kiswahili mazungumzo yanapogusa aibu au huzuni. Waache wahame, na unakili maneno kwa lugha yaliyotamkwa kabla ya kuyatafsiri.

Kuhusu takwimu za jumla nitasema machache. UNESCO huhesabu mwanafunzi aliyevuka mpaka wa nchi kwa ajili ya elimu, ilhali ripoti ya kila mwaka ya Marekani iitwayo Open Doors hujumuisha pia waliokwisha kuhitimu ambao bado wako kwenye mafunzo ya kazi kwa viza ya mwanafunzi. Ukizichanganya namba hizo katika aya moja utakuwa umeongeza watu ambao hesabu ya kwanza haikuwajumuisha. Fasili ya kwanza ina jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja: kijana wa Bungoma anayevuka Busia au Malaba kwenda kusoma Kampala ni mwanafunzi wa kimataifa kama yule aliyeko Boston. Sielewi kwa nini mapendekezo mengi yanayonifikia humsahau, wakati kumfikia ni nauli ya basi tu na swali la ulinganisho lingekuwa safi zaidi, kwani tofauti ya kipato kati yake na aliyebaki si kubwa mno.

Anayependa historia ana shamba tajiri hapa. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya iliwachukua wanafunzi 81 kwenda Marekani, na katika miaka iliyofuata Jaramogi Oginga Odinga aliwasaidia wengine kufika Umoja wa Kisovyeti na nchi za Ulaya ya Mashariki. Wazee wa pande zote mbili wamebaki wachache, na kulinganisha maisha ya waliokwenda Moscow na ya waliokwenda Marekani ni kazi isiyoweza kungoja. Ila kila kumbukumbu ipimwe kwa hati. Wapo watakaokuapia kwamba Barack Obama mkubwa, wa Kogelo, baba yake rais wa zamani wa Marekani, alikuwamo katika ndege ile ya 1959, ilhali alikwenda Hawaii mwaka huohuo kwa njia nyingine. Anayekuambia hivyo hadanganyi. Amesimulia kama alivyosimuliwa.

Vibali visikushtukize. Pitisha pendekezo katika kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha omba leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kisha ujitambulishe kwa ofisi za kaunti unakofanyia kazi, ikiwemo ya mkurugenzi wa elimu. Mgeni anayefanya utafiti mfupi Kisumu kama sehemu ya muhula wake hana msamaha wa hatua hizi, hata kama chuo chake cha kwao kimeshampa ruhusa. Kama sauti ulizorekodi zitahifadhiwa nje ya Kenya, sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inakutaka uwe na msingi wa kuzipeleka huko, na fomu ya ridhaa ilitaje jambo hilo kwa maneno ambayo mama mwenye nyumba anayempokea mgeni huyo atayaelewa.

Nimemtaja mama huyo kwa makusudi. Familia zinazowapokea wanafunzi wa kigeni, kuanzia Milimani hadi Dunga hapa Kisumu, huonekana katika tafiti za wenzetu kama mandhari tu. Ule utafiti wa 2009 uligusa hata suala la makazi: kukaa na familia hakukutosha, waliotumia muda wao wa mapumziko pamoja na familia ndio waliofaidika zaidi. Nani anajua muda huo ulitumikaje kuliko mwenyeji? Mhoji peke yake, baada ya mgeni kuondoka na malipo ya mwisho kukamilika, kwa sababu kabla ya hapo atakusifia mgeni wake bila kikomo.

Mwisho ni jambo la ofisini ambalo huamua kama utafiti wa miaka utafika tamati: namba za simu. Msafiri hubadilisha laini wiki ya kwanza, ingawa namba yake ya WhatsApp ya nyumbani mara nyingi huendelea kufanya kazi kwa muda. Chukua zote mbili, pamoja na ya mtu mmoja nyumbani aliyemchagua mwenyewe, na uombe ridhaa ya maandishi kwamba utampigia mtu huyo. Fanya hivyo kabla ya siku ya uwanja wa ndege, maana siku hiyo hakuna atakayekuwa na nafasi ya kujaza fomu yako.